Giulio Bizzozero na Kuganda kwa Damu

Ajikataye kwa panga huona damu ikitoka, kisha ikaganda yenyewe. Nitawaeleza habari za mtu aliyetuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoanza.

Giulio Bizzozero alizaliwa Varese, Italia, mwaka 1846. Alihitimu udaktari Pavia akiwa na miaka 20, kisha akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Turin. Mwaka 1882 alitazama kwa hadubini mishipa midogo ya wanyama walio hai. Mshipa ulipojeruhiwa, aliona vitu vidogo sana, viitwavyo leo chembe sahani, vikinata penye jeraha na kushikamana hata vikapaziba. Wengine walidhani ni mabaki ya chembe nyingine. Yeye alionyesha kuwa ni aina ya tatu ya chembe za damu. Leo twajua kwamba nyuzi za fibrini hulikaza donge hilo kama wavu.

Baadaye macho yake yaliugua, akaiacha hadubini. Hakukaa bure, bali alishughulikia usafi na afya ya umma hata alipofariki mwaka 1901. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo: aliponyimwa kazi aliyoipenda, alitafuta nyingine yenye manufaa kwa watu.