Chombo Hakiendi ila kwa Nyenzo

Ndugu msomaji, nilipokuwa mtoto wa chuoni, mwalimu wetu alikuwa na ada ya kutusimulia visa vya watu wa kale kila tulipofunga misahafu alasiri. Kisa kilichotushika sana ni cha Sultani Muhammad al-Fatih, aliyepitisha merikebu juu ya mlima. Sisi watoto tuliona hiyo ni karama tupu, kana kwamba vyombo viliota miguu.

Miaka ikapita. Siku moja, nikiwa kijana, niliitwa kusaidia kupandisha jahazi pwani lipate kupakwa deheni. Tulivuta kamba hata viganja vikachubuka, na jahazi halikusogea shibiri. Ndipo fundi mzee akatusimamisha, akapanga magogo upya, akayapaka shahamu, akaweka magadi huku na huku. Tulipovuta tena, lilikwenda. Tangu siku hiyo kisa cha mwalimu wangu nakitazama kwa jicho jingine.

Muhammad alizaliwa Edirne tarehe 30 Machi 1432, mwana wa Sultani Murad wa Pili. Yasimuliwa kuwa alikuwa mkaidi wa kusoma, mpaka baba yake akamletea mwanachuoni Ahmad Gurani, ambaye hakuona haya kumtia fimbo mwana wa mfalme. Mwaka 1444, akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alimwachia kiti. Mambo yakamwia mazito, na mwaka 1446 mzee akarudi kutawala mwenyewe. Aliposhika enzi mara ya pili, mwaka 1451, hakuwa ametimiza miaka 19, na wakubwa wa Ulaya walimwona mtoto asiye na hatari.

Shabaha yake ilikuwa Kostantinia, mji mkuu wa Warumi wa Mashariki. Waislamu walikuwa wameujaribu tangu zama za Masahaba, na Abu Ayyub al-Ansari alifariki katika safari ya kuuzingira. Kijana huyu hakukurupuka. Mwaka 1452 alijenga ngome ya Rumeli Hisari penye mlango mwembamba wa Bosporus ili ashike njia ya vyombo, na fundi wa Kihungari aitwaye Orban akamsubia mizinga mikubwa. Tarehe 6 Aprili 1453 akaanza kuupiga mji.

Lakini upande wa kaskazini mji ulilindwa na hori ya maji iitwayo Pembe ya Dhahabu, na mdomoni mwake Warumi walitandaza mnyororo wa chuma. Tarehe 20 Aprili merikebu nne za Wakristo ziliwapita Waturuki wote baharini, zikaingia ndani ya mnyororo. Sultani akaghadhibika, akamvua cheo amiri wake wa bahari.

Tarehe 22 Aprili akaonyesha alichokuwa akikitengeneza. Nyuma ya Galata, mji wa watu wa Genoa, pana kilima cha yapata mita 60 kutoka baharini. Njia ilikwisha kusawazishwa na kutandikwa mbao na magogo yaliyopakwa shahamu ya kondoo na ng'ombe. Vitanda vya mbao vilizamishwa majini, vyombo vikaelea juu yake, vikafungwa barabara visije vikalala ubavu, kisha vikavutwa kwa kamba, kwa roda, kwa ng'ombe na kwa mabega ya wanaume. Mizinga ilikuwa ikinguruma upande mwingine ili macho ya watu yaelekee huko. Matanga yakatwekwa, mabaharia wakakaa mahali pao wakipiga makasia hewani. Vyombo kiasi cha 70, vile vyepesi, vikapanda mlima, vikateremka bondeni, vikaingia horini.

Vyombo hivyo peke yake havikuuteka mji. Vilichofanya ni kuwalazimisha walinzi, waliokuwa haba, kuwatawanya watu wao mpaka ukuta wa horini. Mji ulianguka tarehe 29 Mei 1453, naye Sultani ana miaka 21.

Sasa niseme jambo ambalo chuoni hatukuambiwa. Alipotawazwa mwaka 1451, ndugu yake mchanga, Ahmed, aliuawa ili asije kugombea kiti, na baadaye sheria ya Muhammad ikaruhusu sultani kuwaua nduguze kwa ajili ya amani ya dola. Mji ulipotekwa, askari waliupora na kuchukua mateka. Ni kweli pia kwamba baadaye aliwaita watu warudi kuujenga, na akawasimamishia Waorthodoksi askofu wao mkuu. Mimi nampenda mtu huyu tangu utotoni, lakini mapenzi hayanipi ruhusa ya kuficha damu ya mtoto mchanga. Tumsifu kwa alichostahili, na hukumu tumwachie Mola.

Alifariki tarehe 3 Mei 1481, akiwa na miaka 49, akazikwa Istanbul penye msikiti uitwao kwa jina lake, Fatih.

Wazee wetu walinena kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Vijana wanaponijia leo wakitaka ushindi wa ghafula, huwauliza kwanza kama wamekwisha kupaka magogo yao shahamu. Mwenyezi Mungu amsamehe Sultani yule, na awarehemu wale waliovuta kamba usiku na mchana, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.