Darwin na mizizi ya maharage

Mkulima anayeingia duka la pembejeo Kariakoo kutafuta dawa ya kuua magugu huuliza kwanza bei. Ni nadra kuuliza dawa hiyo hufanya nini kwenye mzizi. Kemikali hufanya nini kwenye mzizi ni swali lililomshughulisha Charles Darwin hadi mwisho wa maisha yake.

Darwin alizaliwa Februari 12, 1809 huko Shrewsbury, Uingereza. Kati ya mwaka 1831 na 1836 alizunguka dunia kwa meli ya Beagle, na mwaka 1859 akatoa kitabu kuhusu asili ya viumbe kilichompa umaarufu. Uzeeni alichunguza mimea nyumbani kwake, kijiji cha Downe, akisaidiwa na mwanawe Francis.

Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida. Waliotesha maharage, wakailaza mizizi, kisha wakachoma ncha za baadhi kwa kemikali kali. Mizizi mizima iliinama kuelekea chini. Iliyochomwa ncha iliendelea kurefuka bila kuinama. Wakatambua kuwa ncha ndiyo inayouongoza mzizi, na mwaka 1880 wakachapisha matokeo hayo.

Machi 1882 zilisomwa London taarifa za Darwin kuhusu jinsi kabonati ya amonia inavyobadilisha chembe hai za mizizi. Alifariki Aprili 19 mwaka huohuo, akiwa na miaka 73.

Waliomfuata waligundua homoni ya ukuaji iitwayo oksini, na katika miaka ya 1940 ikapatikana dawa ya 2,4-D inayoiga homoni hiyo. Magugu ya majani mapana hukua ovyo, mizizi hushindwa kufanya kazi, yanakufa. Mahindi huvumilia, lakini maharage ni ya majani mapana pia. Anayechanganya mazao hayo shambani akipulizia 2,4-D atapoteza maharage, na muuza duka asiyemweleza atapoteza mteja.

Hivyo, muuzaji amuulize mkulima ana mazao gani shambani, na mkulima asome kibandiko kabla ya kulipa. Kama shamba lilipuliziwa msimu uliopita, chukua udongo wake kopo moja na usiopuliziwa kopo la pili. Panda maharage katika yote mawili. Baada ya wiki mbili ng'oa, ulinganishe mizizi. Jaribio hili haliwezi kuonyesha mabaki ya kila dawa, lakini mizizi iliyodumaa katika kopo la kwanza ni onyo la kutosha kabla ya kumwaga mbegu shambani.