Michel Eugène Chevreul: Mkemia Aliyeyapambanua Mafuta

Ninapowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu nyumbani kwao, mara nyingi hukuta kando ya kitanda, pamoja na rozari na chupa ya maji ya baraka, karatasi ya vipimo kutoka hospitali. Katika miaka ya karibuni neno moja limezoeleka sana katika karatasi hizo, nalo ni lehemu. Mzee mmoja aliyekuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi aliniuliza kama kitu hicho kimeingia mwilini mwake kama adhabu, na kwa nini Mwenyezi Mungu alikiumba ikiwa kazi yake ni kuua. Nilimweleza kwamba lehemu si kitu kibaya kwa asili yake, nikamwahidi kumsimulia siku moja habari za mtu aliyeipa jina. Ahadi ni deni, nami leo nalilipa mbele yenu, wapendwa wasomaji.

Mtu huyo ni Michel Eugène Chevreul. Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1786 katika mji wa Angers, magharibi mwa Ufaransa, mtoto wa daktari wa upasuaji. Utoto wake uliangukia katika miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa, ambapo mji wake ulishuhudia damu nyingi ikimwagika. Alikuwa na umri wa miaka saba wakati Mwenyeheri Noël Pinot, padre wa jimbo hilo hilo la Angers, alipokatwa kichwa hadharani tarehe 21 Februari 1794 kwa kuwa alikataa kula kiapo kilichopinga dhamiri yake na akaendelea kuwahudumia waamini kwa siri. Watoto wa Angers wa kizazi hicho walijua mapema kwamba imani inaweza kumgharimu mtu uhai.

Mwaka 1803, akiwa kijana wa miaka 17, Chevreul alikwenda Paris na kupokelewa katika maabara ya mkemia mashuhuri Nicolas Vauquelin, ambaye naye alikuwa mtoto wa wakulima maskini. Hapo alijifunza kazi ya kuchunguza vitu vya asili kwa subira: kupima, kuyeyusha, kuchuja na kurudia tena.

Mwaka 1811 Chevreul aliletewa sabuni laini iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe ili aichunguze. Binadamu wametengeneza sabuni tangu kale kwa kuchemsha mafuta pamoja na maji ya majivu, kama wanavyofahamu vizuri akina mama wa Kigoma wanaochemsha mawese. Lakini hakuna aliyejua ni jambo gani hasa linalotokea ndani ya sufuria. Wengi walidhani kwamba mafuta na majivu huungana tu, kama unga na maji. Chevreul alipoichanganya sabuni ile na maji mengi, aliona vipande vidogo vinavyong'aa kama lulu vikitengana. Alipovitia asidi, alipata kitu kilichofanana na mafuta lakini chenye tabia ya asidi. Akakiita kwa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya lulu.

Kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata alichunguza mafuta ya kondoo, ya ng'ombe, ya nguruwe, ya binadamu na siagi. Akathibitisha kwamba mafuta si kitu kimoja. Kila tone limeundwa na asidi za mafuta zilizofungamanishwa na kitu kitamu kama asali alichokiita gliserini, na majivu hukata kifungo hicho. Aliziainisha asidi moja baada ya nyingine: asidi ya steariki, ambayo ni ngumu na huyeyuka kwenye nyuzijoto karibu 69; asidi ya oleiki, ambayo ni kimiminika katika joto la kawaida; na asidi ya butiriki ya siagi, ambayo huipa siagi iliyooza harufu yake. Ili kuhakikisha kwamba kitu ni safi, alikiyeyusha na kukigandisha mara nyingi, mpaka kiwango chake cha kuyeyuka kilipoacha kubadilika. Mwaka 1823 alikusanya matokeo yote katika kitabu kikubwa kuhusu mafuta ya wanyama, na kitabu hicho ndicho msingi wa elimu ya mafuta mpaka leo. Hata hivyo hakuwa mtu asiyekosea. Ile asidi ya lulu aliyoidhani kuwa kitu kimoja, wakemia waliomfuata walionyesha kwamba ilikuwa mchanganyiko wa asidi mbili, wakitumia njia zile zile alizowafundisha.

Sasa tufike kwenye lehemu. Katika mwaka ule ule aliozaliwa Chevreul, makaburi ya kale ya Innocents jijini Paris yalikuwa yakifukuliwa, kwa kuwa yalijaa kupita kiasi. Wafukuaji walikuta miili ambayo nyama yake ilikuwa imegeuka kuwa kitu cheupe kinachofanana na nta. Mkemia Antoine Fourcroy alikichunguza kitu hicho, akakilinganisha na nta itokayo kichwani mwa nyangumi na kitu cheupe kinachopatikana katika mawe ya nyongo. Akahitimisha kwamba vyote vitatu ni kitu kimoja. Kwa macho vilifanana kweli: vyeupe, vya kuteleza, visivyochanganyika na maji.

Chevreul hakuridhika na mfanano wa macho. Alivichemsha vyote pamoja na potasi. Nta ya makaburini ilionekana kuwa mafuta ya mwili yaliyokwisha kugeuka asidi na sabuni ardhini. Nta ya nyangumi nayo ilikatika, ingawa kwa namna yake. Lakini kitu cha mawe ya nyongo kilibaki kama kilivyokuwa, kikikataa kabisa kugeuka sabuni. Mwaka 1815 aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba hivi ni vitu vitatu tofauti, na hiki cha mwisho akakipa jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, nyongo na kigumu. Hicho ndicho tunachokiita lehemu. Kwa hiyo jina linalowatisha wagonjwa wetu lilizaliwa siku mtu mmoja alipokataa kuchanganya vitu vinavyofanana kwa nje tu.

Ugunduzi wake uliwafikia watu wa kawaida haraka kwa njia ya mwanga. Mishumaa ya maskini wa wakati ule ilitengenezwa kwa shahamu. Ilitoa moshi, ilinuka na kulainika kwa joto, wakati nta ya nyuki ilikuwa ghali. Mwaka 1825 Chevreul na mwenzake Joseph Gay-Lussac waliomba hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi ya steariki, baada ya kuondoa ile sehemu ya mafuta iliyo majimaji. Wao wenyewe hawakufanikiwa kibiashara, lakini wengine waliifuata njia hiyo, na mishumaa migumu yenye mwanga safi ikaingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kumudu nta.

Lakini zawadi kubwa zaidi ya kazi yake ilibaki imefichika, kwa maana inahusu mwili wetu wenyewe. Chevreul alipokuwa bado hai, mfamasia wa Paris, Théodore Gobley, alipata katika kiini cha yai mafuta yenye fosforasi, akayaita lesithini. Alipoyavunja alikuta ndani yake asidi za mafuta za Chevreul. Mwaka 1925 wanasayansi wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitoa mafuta katika seli za damu, wakayatandaza juu ya maji, na kuona kwamba yangetosha kuzifunika seli hizo mara mbili. Hivyo ikaeleweka kwamba kila seli hai imezungushiwa utando wa mafuta wenye matabaka mawili. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba ungehitaji kupanga tando 200,000 ili kupata unene wa milimita moja. Ndio unaotenganisha ndani na nje, na kuiwezesha seli kupokea kinachofaa na kuzuia kisichofaa.

Na utando huo unadumu kwa sababu ya zile tofauti alizoziona Chevreul. Asidi zilizonyooka kama ya steariki hupangana kwa kubanana, kwa hiyo huganda, kama shahamu ya ng'ombe inavyoganda kwenye sahani. Asidi yenye mkunjo kama ya oleiki haiwezi kubanana, kwa hiyo hubaki majimaji, kama mafuta ya alizeti. Utando wa asidi ngumu peke yake ungekakamaa. Wa asidi laini peke yake ungelegea. Mwili huzichanganya kwa kipimo, kisha lehemu huingia katikati yao: palipolegea hukaza, na palipotaka kuganda huzuia kuganda. Ubongo wetu, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hubeba karibu robo ya lehemu yote tuliyo nayo, kwa kuwa nyuzi za neva zimevikwa ala ya mafuta. Kutokana na lehemu ini hutengeneza chumvi za nyongo zinazosaga mafuta ya chakula, na mwili huunda homoni ambazo bila hizo hakuna uzazi. Madhara huja pale inapozidi katika damu na kujikusanya katika kuta za mishipa.

Tabia hiyo ya kupambanua Chevreul aliipeleka katika kila kazi. Mwaka 1824 alipewa usimamizi wa idara ya rangi katika kiwanda cha kifalme cha Gobelins, kilichofuma mapambo ya ukutani. Watu walilalamika kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ilikuwa hafifu. Alipochunguza, aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro. Jicho ndilo lililodanganywa na rangi zilizokuwa jirani na ile nyeusi. Mwaka 1839 alichapisha kitabu juu ya kanuni hiyo, na wachoraji wengi wakajifunza kwake.

Lipo jambo jingine ambalo lingewafaa wengi wetu leo. Katika siku zake watu waliagua kwa kushika uzi wenye pete, na pete ilipoyumba walisema nguvu fulani imejibu. Chevreul alijaribu mwenyewe, akaona pete ikiyumba kweli juu ya zebaki. Asiyepambanua angeamini hapo hapo. Yeye aliuegemeza mkono wake juu ya kigingi, na mwendo ukapungua. Kisha akafungwa macho, na pete ikaacha kuitii zebaki. Akatambua kwamba mkono hutikiswa na matarajio ya mwenye mkono bila yeye kujua. Aliandika hayo wazi mwaka 1833, na mwaka 1854 akatoa kitabu kizima wakati Ulaya ilipopagawa na meza zilizosemekana kuzungushwa na mizimu. Hakuwadhihaki waliodanganyika, maana yeye mwenyewe alikuwa ameiona pete ikiyumba mkononi mwake.

Mwaka 1863 aliwekwa kuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Historia Asilia jijini Paris. Jiji lilipozingirwa na kupigwa mizinga Januari 1871, hakuondoka, ingawa alikuwa na miaka 84. Na katika karne ambayo wasomi wengi wa Ufaransa waliona fahari kuitenga sayansi na Kanisa, yeye alitamka wazi uzeeni kwamba alizaliwa Mkatoliki kwa wazazi Wakristo na alitaka kufa Mkatoliki. Alipenda kujiita mkuu wa wanafunzi wa Ufaransa, akimaanisha kwamba hakuna mwanafunzi mkongwe kuliko yeye. Mwaka 1886 taifa zima lilisherehekea miaka yake 100.

Siku za mwisho zilimletea msalaba: mwanawe wa pekee alifariki siku chache kabla yake. Chevreul alifariki tarehe 9 Aprili 1889, akiwa na umri wa miaka 102. Mazishi yake yalifanyika katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, naye akazikwa L'Haÿ, karibu na Paris. Mnara wa Eiffel ulikuwa umekamilika siku tisa tu kabla, na jina lake ni mojawapo ya majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa juu yake.

Mzee wangu katekista, hili ndilo jibu nililokuahidi. Kile kilichoandikwa katika karatasi yako si adhabu, wala si adui aliyetumwa mwilini mwako. Ni kiumbe cha Mungu kilichovuka kipimo chake, na kukirudisha katika kipimo ni kazi ya daktari, ya dawa unazoandikiwa na ya sahani yako mwenyewe. Kuzitumia dawa hizo kwa uaminifu hakupunguzi sala. Nanyi vijana wetu mnaosoma sayansi na kuambiwa kwamba siku moja mtalazimika kuchagua kati ya maabara na altare, mkumbukeni mzee huyu aliyevitumikia vyote viwili bila kuvichanganya wala kuvigombanisha. Kanisa linatufundisha kuomba neema ya upambanuzi. Chevreul aliiishi neema hiyo mbele ya sufuria ya sabuni. Mwenyezi Mungu atujalie nasi macho ya namna hiyo, tusikilaani kitu kabla hatujakijua. Amina.