Moïse Tshombe: kutoka Jadotville hadi Alger, maisha yaliyofuatana na ndege za siri

Vijana wengi wa Likasi hawajui kwamba mji wao uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Wazee wao wanajua, na wakitaja jina hilo, jina la pili linalofuata mara nyingi ni la Moïse Kapenda Tshombe, mtu aliyeitenga Katanga na nchi yote ya Kongo kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Habari yake imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa siasa na wa migodi. Haisimuliwi sana kwa upande wa ndege, ijapokuwa karibu kila badiliko kubwa la maisha yake lilitoka angani, na mara nyingi usiku.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya wafalme wa Lunda. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, jambo lililokuwa nadra kwa Mwafrika wakati wa Wabelgiji. Alisoma kwa wamisionari Wamethodisti, akamwoa binti wa Mwaant Yaav, akarithi maduka ya baba yake. Biashara haikumwendea vizuri, lakini siasa ilimpokea. Mwaka 1959 alikuwa kiongozi wa chama cha CONAKAT, na tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, alitangaza kwamba Katanga ni nchi ya peke yake.

Nchi hiyo ilikuwa na shaba, kobalti na kodi za Union Minière. Ilikuwa pia na Shinkolobwe, karibu kabisa na Jadotville, ambapo Wamarekani walipata urani ya bomu la Hiroshima. Kwa hiyo mataifa makubwa yalikuwa yameizoea Katanga kwa mambo ya siri tangu zamani. Kitu ambacho Tshombe hakuwa nacho ni jeshi la anga, na alikitafuta kwa njia za kificho.

Wakati ule ndege isiyoonekana na rada ilikuwa bado haijatengenezwa. Kuficha ndege kulikuwa kazi ya makaratasi na giza: unainunua kwa jina la kampuni, unaisafirisha ikiwa imefunguliwa vipande, unaishusha usiku, kisha serikali zote zinazohusika zinasema hazina habari. Ndivyo Fouga Magister tatu zilivyofika Katanga mwezi wa pili 1961, ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mizigo ya kampuni moja ya Marekani. Fouga ilikuwa jeti ndogo ya Wafaransa ya kufundishia marubani, yenye viti viwili na mkia wa umbo la V. Katika vita vya Ulaya isingemtisha mtu. Katika Kongo, ambako ONU haikuwa na jeti hata moja ya kivita, ilitosha.

Mwezi mmoja kabla ya Fouga hizo, ndege nyingine ilikuwa imetua Elisabethville. Tarehe 17 Januari 1961 DC-4 iliwaleta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wakiwa wamefungwa na kupigwa njiani. Waliuawa usiku uleule mikononi mwa watu wa Katanga na maofisa Wabelgiji, na Tshombe na mawaziri wake walikuwepo. Hata wale wanaomsifu kwa kuitetea Katanga hawawezi kulipita jambo hili kimya.

Kufikia mwezi wa tisa wa mwaka huo, Fouga moja tu ndiyo iliyobaki ikiruka, kutoka uwanja wa Kolwezi. Nyingine ilikuwa imeanguka, na nyingine ilikamatwa na ONU. Tarehe 13 Septemba askari wa ONU walianza operesheni ya kumaliza utawala wa Tshombe kule Elisabethville. Siku hiyohiyo kikosi cha Waireland wapatao 155, wakiongozwa na Pat Quinlan, kilizungukwa Jadotville na askari wa Katanga pamoja na mamluki Wazungu. Walipigana siku tano. Fouga ilikuja juu yao ikipiga bunduki na kuangusha mabomu, na wao hawakuwa na silaha ya kuifikia. Helikopta ya ONU iliwaletea maji, lakini vibuyu vilikuwa vimebeba mafuta ya gari kabla ya hapo na maji hayakunyweka. Tarehe 17 walijisalimisha, bila risasi na bila maji. Hakuna Muireland hata mmoja aliyeuawa pale, na ni baada ya miaka mingi sana nchi yao ilipoanza kuwapa heshima badala ya aibu.

Ethiopia ilikuwa tayari kutuma jeti zake kuwasaidia ONU. Zilihitaji ruhusa ya Uingereza kupita Afrika Mashariki na kutia mafuta, na ruhusa hiyo ilicheleweshwa mpaka haikuwa tena na faida.

Tshombe mwenyewe alikuwa amekwisha kuvuka mpaka na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alikubali kumfuata Ndola ili wazungumze juu ya kusimamisha vita. Ndege yake aina ya DC-6 iliondoka Léopoldville jioni ya tarehe 17. Kwa kuiogopa Fouga, karatasi za safari zilionyesha kwamba inakwenda Luluabourg, marubani walinyamaza karibu muda wote kwenye redio, na walizunguka mbali upande wa mashariki mpaka Ziwa Tanganyika. Baada ya saa sita usiku ilipita juu ya Ndola, kisha ikaanguka msituni, karibu kabisa na uwanja. Watu wote 16 walikufa, mmoja wao akiwa hospitali baada ya siku chache. Tshombe alikuwa Ndola akimngoja.

Je, ndege nyingine iliifuata gizani? Swali hilo halijafungwa hadi leo. Tangu mwaka 2015 ONU ilimpa kazi hiyo Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Ripoti zake zinasema kwamba inawezekana ndege ya Hammarskjöld ilishambuliwa au kutishwa na ndege nyingine, na kwamba baadhi ya mataifa makubwa bado yana maandishi ambayo hayajayatoa.

Baada ya msiba huo ONU haikutaka tena kuwa bila macho wala meno. Sweden, India na Ethiopia zilileta jeti za kivita. Tshombe naye alinunua nyingine kwa siri, hasa Harvard za zamani, akaziweka Kolwezi na kwenye viwanja vidogo vya porini. Ndipo mwisho wa mwaka 1962 Wasweden walipoleta ndege mbili za upelelezi zenye kamera, na watu waliojua kusoma picha zilizopigwa toka juu. Ndege zilizofichwa zilihesabiwa moja moja. Tarehe 29 Desemba 1962 jeti za Sweden zilipiga uwanja wa Kolwezi-Kengere, na katika siku chache jeshi la anga la Katanga liliungua likiwa bado chini. Kwa hesabu ya kivita, kamera zile ziliifanya kazi ambayo vikosi vingi vilishindwa kuifanya kwa mwaka mzima. Tarehe 3 Januari 1963 askari wa India, baada ya kuvuka mto Lufira ambao madaraja yake yalikuwa yamebomolewa, waliingia Jadotville. Kabla ya mwezi kwisha Tshombe alikuwa ametangaza mwisho wa kujitenga, na ONU iko Kolwezi.

Alikimbilia Hispania. Lakini Julai 1964 Rais Kasavubu alimwita tena, safari hii awe Waziri Mkuu wa Kongo nzima, kwa sababu Wasimba walikuwa wanachukua mji baada ya mji. Hapo ndege za siri zilibadilisha upande. CIA ilileta T-28 na B-26 zenye alama za Kongo, marubani wakiwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro. Nyingine ziliruka kutoka Albertville, Kalemie ya leo, kwenda kupiga ngome za waasi. Mwaka 1965 Wakuba wengine, wa Castro, walikuwa Fizi pamoja na Che Guevara. Watu wa Tanganyika na Kivu ya Kusini walipigwa katika ugomvi wa kisiwa ambacho wengi wao hawakukijua hata kwa jina.

Kasavubu alimfukuza Tshombe tarehe 13 Oktoba 1965, na Mobutu akachukua nchi mwezi uliofuata. Tshombe alirudi Hispania. Machi 1967 alihukumiwa kifo Kinshasa bila kuwepo.

Tarehe 30 Juni 1967, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kongo, alipanda jeti ndogo ya kukodi aina ya HS 125 kwenye visiwa vya Balearic. Mmoja wa wasafiri wenzake, Mfaransa Francis Bodenan, alitoa bastola na kuwaamuru marubani Waingereza waelekee Algeria. Nani hasa alimlipa, hilo limebishaniwa tangu siku ile. Siku tano baadaye mamluki na wanajeshi Wakatanga waliasi upande wa mashariki, wakaishika Bukavu kwa miezi kadhaa, bila yule ambaye wengi wao walimtumainia.

Mahakama ya Alger ilikubali arudishwe Kongo, lakini Rais Boumediene hakumtoa. Hakumwachia pia. Tshombe alikaa kizuizini miaka miwili, akafa tarehe 29 Juni 1969, akiwa na miaka 49. Madaktari wa Algeria walisema ni moyo. Familia yake iliupokea mwili na kuuzika Brussels, kwenye makaburi ya Etterbeek.