MAISHA YA IBN AL-HAYTHAM, MWANACHUONI WA NURU

Huyu ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka wa 354 Hijria, nao ni mwaka wa 965 wa Kizungu. Watu wa Ulaya walimwita Alhazen, kwa kulipotoa jina lake la al-Hasan. Alisoma hisabu na handasa na ilimu ya nyota katika vitabu vya Wayunani vilivyokwisha kufasiriwa kwa Kiarabu, hata sifa yake ikavuka mipaka ya Iraki.

Zama hizo Misri ilikuwa mkononi mwa al-Hakim, khalifa wa Kifatimi. Mto wa Nile ndio uhai wa nchi ile: ukijaa kupita kiasi huzamisha mashamba, na ukipungua watu hufa njaa. Khabari zikamfikia al-Hakim kwamba yuko mtu Basra asemaye kuwa lau angalikuwa Misri, angaliutengeneza mto huo uwafae watu wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Akampelekea mali kwa siri, akamtaka aje. Na alipowasili, khalifa mwenyewe alitoka nje ya Kahira kumlaki.

Basi Ibn al-Haytham akapewa mafundi, akaupanda mto hata mahali paitwapo al-Janadil, karibu na Aswan. Kila alipopita aliona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyosimama kwa vipimo visivyokosea. Akafahamu kwamba watu wenye ujuzi kama ule, lau kazi aliyoikusudia ingaliwezekana, wasingaliiacha. Akaukagua mto pande zake zote mbili, akaona ahadi yake haitatimia, akarudi kwa haya. Ukuta wa kwanza wa kuzuia maji huko Aswan ulimalizika mwaka wa 1902, na ule mkubwa mwaka wa 1970, kwa vyombo ambavyo watu wa karne yake hawakuwa navyo.

Al-Hakim aliupokea udhuru wake na kumpa kazi katika diwani. Lakini khalifa huyo hasira zake hazikutabirika, na damu aliimwaga kwa sababu ndogo. Ibn al-Haytham hakuona njia ila kujifanya mwenda wazimu. Mali yake ikatiwa mkononi mwa wasimamizi, naye akafungiwa nyumbani, hata al-Hakim alipotoka usiku mmoja wa mwaka wa 411 (1021) asirudi tena. Hapo ndipo akili zake zilipodhihiri. Si jambo jepesi mwanachuoni kukubali kuhesabiwa miongoni mwa wasio na akili. Lakini kichwa kikatwacho hakitungi kitabu.

Baadaye alikaa katika kuba mlangoni mwa msikiti wa al-Azhar. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vya Euclid na Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150, na hizo ndizo zilizokuwa riziki yake. Khabari hizi amezieleza Ibn al-Qifti, aliyekufa mwaka wa 646 (1248), na wako waliozisimulia kwa njia nyingine.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa mishale ya nuru, nayo ndiyo iviguzayo vitu. Ibn al-Haytham hakuikataa kauli yao kwa ushindani wa maneno, bali kwa mambo ambayo kila mwenye macho aweza kuyajaribu. Mtu akilikazia macho jua huumia. Na akifumba macho baada ya kutazama mwangaza mkali, bado huona alama yake. Basi iko athari itokayo nje ikaingia jichoni, wala si jicho litoalo.

Kisha akaweka taa kadhaa kwa safu mbele ya tundu dogo la chumba cha giza. Ukutani, ndani, vikaonekana vidoa vya mwangaza kwa idadi ya taa. Alipoifunika taa moja, kidoa kimoja kikatoweka, na kilikuwa kile kilicho sawa kabisa na taa hiyo na tundu. Alipoifunua, kikarudi pale pale. Akathibitisha kwa hayo kwamba nuru huenda kwa njia iliyonyoka, na kwamba nuru nyingi hupita katika tundu moja bila ya kuchafuana. Wako wasemao kwamba yeye ndiye aliyeunda kamera. Huko ni kumzidishia. Tundu la namna hii lilijulikana kabla yake, na kuihifadhi picha kwa dawa ni kazi ya karne ya 19. Lililo lake ni kulifanya tundu kuwa mizani ya kupimia kauli za watu.

Aliandika pia juu ya vioo, na juu ya nuru ipitayo kutoka hewani kuingia majini, jambo lifanyalo upondo uonekane umevunjika. Akasema kwamba nuru haifiki papo hapo, bali huchukua muda; na jambo hilo Ole Rømer alilionyesha huko Paris mwaka wa 1676 kwa kuangalia mwezi mmoja wa sayari ya Mushtari. Kuwa nuru ina tabia ya mawimbi hakukusema. Thomas Young alikionyesha kisa hicho Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19.

Alifariki Kahira yapata mwaka wa 430 (1040). Huko Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi alikisherehesha kitabu chake, akaueleza upinde wa mvua kwa tufe la kioo lililojazwa maji. Ulaya kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa na Roger Bacon na Witelo, kikapigwa chapa Basel mwaka wa 1572. Ibn al-Haytham alidhani kuona huanzia katika lenzi ya jicho. Mwaka wa 1604 Johannes Kepler, katika kitabu alichokiita nyongeza kwa Witelo, alibainisha kwamba sura ya kitu huangukia utando ulio nyuma ya jicho, nayo huangukia hali ya kupinduka.