Maumivu ya mguu yaliyomwangusha Mfalme George wa Sita

MFALME George wa Sita wa Uingereza, aliyezaliwa Desemba 14, 1895, alitawala himaya iliyojumuisha Kenya kuanzia 1936. Wengi humkumbuka kwa kigugumizi chake na kwa kubaki London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni wachache wajuao kwamba dalili za mwanzo za kudhoofika kwake zilikuwa miguuni.

Mwaka wa 1948 miguu ilianza kumkakamaa, lakini alivumilia kimya kwa miezi mingi. Maumivu ya aina hiyo humshika mtu atembeapo na kumwachilia apumzikapo, kwa kuwa misuli hudai damu kuliko inavyoweza kupita katika mshipa ulioziba. Ni rahisi kudhaniwa kuwa uchovu au baridi yabisi.

Novemba mwaka huo, Profesa James Learmonth wa Edinburgh alimpima na kuthibitisha kwamba mishipa ya ateri ilikuwa imeziba. Ikahofiwa kuwa huenda mguu wa kulia ungekatwa. Mfalme alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, hivyo ukatajwa ugonjwa nadra uliofafanuliwa na Leo Buerger wa New York mwaka wa 1908. Hata hivyo, ugonjwa huo kwa kawaida huanza kabla ya miaka 50, naye alikuwa na miaka 52. Ugumu wa kawaida wa mishipa nao ukashukiwa.

Machi 12, 1949, Learmonth alikata mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo ili ateri za mguu zipanuke. Mguu ukanusurika, ila sigara ilikuwa imekwisha kudhuru kwingine. Septemba 1951 aliondolewa pafu la kushoto lililokuwa na saratani.

Bintiye Elizabeth akashika safari ya Australia badala yake, kupitia Kenya. Meli ya Gothic ilikuwa ikimngoja Mombasa, katika bandari ya Kilindini, upande wa kisiwa usioelekea Buxton na Nyali. Hakuipanda. Februari 6, 1952, babake alifariki usingizini akiwa na miaka 56, damu ikiwa imeganda katika ateri ya moyo. Elizabeth alirejea kwa ndege kupitia Entebbe, akiwa Malkia.

Hadi leo, uchunguzi wa maumivu hayo huanza kwa mambo mepesi: kupapasa mapigo ya damu kwenye wayo, na kumuuliza mgonjwa kama anavuta sigara.