Ufahamu: Seymour Cray, Mtu Aliyezamisha Kompyuta Kwenye Kimiminika

Kifungu hiki ni wasifu. Unapokisoma, tafuta tatizo moja lililomwandama mtu huyu miaka yote ya kazi yake, kisha angalia alivyolikabili. Soma mara mbili kabla ya kugusa maswali, na ujibu kwa maneno yako mwenyewe.

Bila shaka umewahi kumwona mhunzi akifanya kazi. Chuma chekundu akikiacha hewani, huchukua muda mrefu kupoa. Akikitumbukiza majini, hupoa kufumba na kufumbua. Maji hubeba joto vizuri kuliko hewa. Ukichukua ujazo uleule wa maji na wa hewa, kisha ukaongeza jotoridi kwa kiasi kilekile, maji yatakuwa yamebeba joto zaidi ya mara elfu tatu ya lile la hewa. Ukweli huo ndio ulioongoza kazi ya Seymour Cray.

Cray alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin, Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi, naye tangu utotoni alipenda kuunda vifaa vya umeme. Alilitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akasoma uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Baadaye alijiunga na kampuni ya Control Data. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilitoa kompyuta aliyoibuni, CDC 6600, ambayo ilikuwa na kasi kuliko nyingine zote duniani wakati huo.

Huenda unajiuliza, kasi inahusiana vipi na joto? Fuata hatua hizi. Ishara ya umeme huchukua muda kupita kwenye waya. Hata mwanga, katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, husafiri sentimita 30 tu. Anayetaka kompyuta yenye kasi hana budi kufupisha waya. Akifupisha waya, lazima asogeze saketi karibu karibu. Saketi zikisongamana, joto hukosa pa kutokea, kama lilivyo ndani ya daladala iliyojaa abiria huku madirisha yamefungwa. Joto likizidi, saketi huharibika. Kwa hiyo, kila alipotafuta kasi, Cray alikutana na joto mlangoni.

Wabunifu wengi waliunda mashine kwanza, halafu wakaongeza feni. Cray alilifanya joto kuwa swali la mwanzo. Akishirikiana na mhandisi wa upozaji, Dean Roush, aliipoza CDC 6600 kwa Freon, aina ya kipozeo kilichotumika kwenye majokofu, kikizunguka ndani ya mabomba.

Mwaka 1972 aliiacha Control Data na kuanzisha kampuni yake, Cray Research. Mashine yake ya kwanza, Cray-1, ilipelekwa katika maabara ya Los Alamos mwaka 1976. Ilisimama kwa umbo la herufi C ili waya zake ziwe fupi. Hakuna uliozidi mita 1.2 hivi. Ilitumia umeme wa kilowati 115 hivi, sawa na pasi 115 za kilowati moja zilizowashwa kwa pamoja. Mwanzoni upozaji wenyewe uliwatesa. Mafuta ya kulainisha kompresa yalivuja pamoja na Freon, yakapaka saketi na kuziharibu. Ilibidi watafute njia mpya ya kuchomelea mabomba.

Katika Cray-2, iliyotoka mwaka 1985, saketi zilibanana kiasi kwamba mabomba ya pembeni yasingetosha. Cray akafanya kama mhunzi: akazizamisha saketi zote kwenye kimiminika. Hakutumia maji ya kawaida, kwa kuwa hupitisha umeme na yangeiunguza mashine. Alitumia Fluorinert, kimiminika kisichopitisha umeme. Kilipita katikati ya saketi, kikachukua joto, kikaenda kulikabidhi kwa maji baridi yaliyokuwa kwenye mabomba tofauti, kisha kikarudi kuchukua jingine.

Usidhani kila jambo lilimnyookea. Mwaka 1989 alianzisha kampuni nyingine ili aunde Cray-3, kwa chipu za malighafi mpya badala ya silikoni. Wakati huo wanunuzi walianza kupendelea mashine zilizounganisha chipu nyingi za bei nafuu, na mwaka 1995 kampuni hiyo ilifilisika. Cray, akiwa na umri wa miaka 70, alianza upya. Septemba 1996 alipata ajali ya gari mjini Colorado Springs, akafariki tarehe 5 Oktoba 1996.

Kwa muda ilionekana kwamba feni imeshinda. Lakini chipu za leo zimekuwa na nguvu nyingi mno, na joto limerudi mlangoni. Seva nyingi zenye nguvu kubwa sasa hupozwa kwa kimiminika. Njia mojawapo ni kuweka juu ya chipu bamba la shaba lenye vijia vya kupitisha kimiminika. Nyingine ni kuizamisha seva nzima kwenye kimiminika kisichopitisha umeme, kama alivyofanya Cray.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Matokeo ya mtihani wako yakitangazwa utayafungua kwenye simu, na seva fulani itapata joto kwa kukujibu. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hugeuka joto, na kuliondoa joto hilo hula umeme mwingine. Sisi wa Miteja tunajua umeme unakotoka: gesi ya Songo Songo hufika nchi kavu hapo Somanga, kisha hupita kwenye bomba hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya kuzalishia umeme. Upozaji mbovu hupoteza umeme ambao ungewasha taa za darasa. Swali la Cray ni lako pia, hasa ukiwaza kuwa mhandisi.

Maswali

1. Eleza kwa nini kufupisha waya huongeza tatizo la joto.
2. Kwa nini Cray hakuzamisha saketi kwenye maji ya kawaida?
3. Toa maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) kufumba na kufumbua (b) lilimnyookea (c) vijia.
4. Mwandishi ana maana gani anaposema joto limerudi mlangoni?
5. Fupisha aya ya nne kwa maneno yasiyozidi 40.